KINYAMA CHA JICHO: LINI KIKATWE, LINI KIACHWE

(Hotuba ya kamati ya afya na usalama kazini, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Mara nyingi tukikutana hapa twazungumza habari za mishahara, nyumba na likizo. Leo tumeomba nafasi tuzungumze habari ya jicho. Wengine watauliza, jicho lahusu nini chama? Sisi twajibu kwamba mfanya kazi hana duka wala mashamba makubwa. Mali yake ni mwili wake, na katika mwili huo jicho ndilo linaloongoza mkono. Dereva asiyeona vizuri hunyimwa leseni. Fundi wa mashine asiyeona vizuri hupoteza vidole. Mkata miwa asiyeona vizuri hujikata mguu. Basi jicho ni jambo la chama kama mshahara ulivyo jambo la chama.

Sisi wa kamati si madaktari, na hotuba hii haiwezi kushika nafasi ya daktari. Kazi yetu ni kuwaeleza yale yanayojulikana, ili mwanachama akienda hospitali ajue la kuuliza. Na jambo tunalotaka mrudi nalo nyumbani ni hili: kinyama cha jicho si lazima kikatwe kila mara, lakini kikikatwa, kikatwe kwa njia nzuri na kwa wakati wake, na mwenye jicho apewe siku za kupona. Kikikatwa ovyo hurudi, na kikirudi huwa kibaya kuliko cha kwanza.

KINYAMA HIKI NI NINI

Tazameni jicho la mwenzenu aliye karibu. Katikati pana kiduara cheusi, yaani mboni, na hapo ndipo mwanga huingilia. Kuizunguka mboni pana duara la rangi ya kahawia. Mbele ya vyote hivyo pana kitu kama kioo cha saa, kisafi kabisa, kisicho na hata mshipa mmoja wa damu. Hicho tutakiita kioo cha jicho. Sehemu nyingine yote ni weupe wa jicho, nao umefunikwa kwa ngozi laini, nyembamba sana, yenye vishipa vidogo vya damu.

Kinyama cha jicho ni ngozi hiyo ya juu ya weupe, inapokua kupita mpaka wake na kutambaa juu ya kioo. Umbo lake ni la pembe tatu. Mwili wake mpana hubaki kwenye weupe, na ncha yake huelekea mboni. Ukikitazama vizuri hufanana na bawa la mdudu, na ndiyo sababu madaktari hukiita pterijiamu, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya bawa dogo.

Watu wengi hukichanganya na mtoto wa jicho. Si kitu kimoja. Mtoto wa jicho ni ukungu ulio ndani, katika lenzi iliyo nyuma ya mboni. Kinyama kiko nje, na mtu aweza kukiona mwenyewe akijitazama katika kioo cha kunyolea. Wala hakiambukizi. Mtu hakipati kwa kutumia taulo la mwenzake, wala hakiletwi na jicho la husuda.

CHATOKA WAPI

Sababu kubwa ni jua, hasa ile mionzi yake isiyoonekana ambayo wataalamu huiita urujuanimno. Upepo, vumbi na ukavu wa jicho hufikiriwa kuwa huongeza udhia. Mwaka 1965 mtaalamu mmoja aitwaye Cameron alitoa kitabu juu ya kinyama hiki katika dunia nzima. Alionyesha kwamba nchi zenye ugonjwa huu kwa wingi zimo katika mshipi unaoizunguka dunia, kuanzia digrii 37 kaskazini ya ikweta hadi digrii 37 kusini yake. Nasi ikweta yenyewe yapita katika nchi yetu, Nanyuki kwa upande mmoja na Maseno kwa upande mwingine. Kwa hiyo tuko katikati ya mshipi huo.

Lakini ndani ya nchi moja, jua halimpigi kila mtu sawasawa. Karani hukaa chini ya paa. Kibarua hukaa uwanjani. Mwaka 1989 Dk. Hugh Taylor na wenzake walitangaza uchunguzi wao wa wavuvi 838 wa ghuba ya Chesapeake, huko Marekani. Hawa ni watu wanaovua kaa na chaza mchana kutwa, huku maji yakimeremeta mbele yao. Wavuvi 140 kati yao walionekana na kinyama, yaani mmoja katika kila sita. Na kadiri mtu alivyopigwa na jua machoni katika miaka ya kazi yake, ndivyo alivyoelekea kuwa nacho. Tena mwaka 1984 wataalamu wa Ujapani walitangaza uchunguzi wa mafundi wa kuchomelea vyuma, ambao moto wa kazi yao hutoa mionzi ya namna ile ile. Nao pia walionekana na kinyama zaidi ya watu wengine.

Sasa tujitazame wenyewe. Wenzetu wa mashamba ya chumvi kule pwani, kaskazini ya Malindi, hupigwa na jua kutoka juu, na chumvi nyeupe hulirudisha usoni kutoka chini. Mvuvi wa Ziwa Victoria ana maji yake. Mponda kokoto ana jua pamoja na vumbi la mawe. Vibarua wa barabara, wapakizi wa bandarini, madereva wa trekta, wakata mkonge, na siku hizi vijana wa bodaboda wanaokwenda bila kioo cha usoni, wote wamo katika hesabu hiyo.

Huenda mmeona kwamba kinyama hiki mara nyingi huanza upande wa pua, si upande wa sikio. Mwaka 1993 Dk. Coroneo wa Australia alitoa maelezo yanayotufaa sana sisi watu wa kazi. Mwanga ukitoka ubavuni, upande wa sikio, hupita katika kioo cha jicho kilichobinuka, nacho huukusanya mahali pamoja, kama vile lenzi ya kukuzia inavyolikusanya jua mpaka karatasi ikashika moto. Mahali unapokusanyika ni ukingo wa kioo kwa upande wa pua. Mwanga wa kutoka upande mwingine huzuiwa na pua yenyewe. Shikeni neno hili, kwa maana tutalirudia tutakapofika kwenye miwani: jua baya ni lile la ubavuni.

NAMNA ZAKE

Vinyama vyote si sawa, na kuvitofautisha ni mwanzo wa matibabu. Mwaka 1997 Dk. Donald Tan na wenzake wa Singapore walivigawa katika namna tatu, kwa kutazama unene wake.

Namna ya kwanza ni kinyama chembamba. Vishipa vya damu vilivyo chini yake huonekana wazi, kama unavyoona kitu kilicho nyuma ya pazia jepesi. Namna ya tatu ni kinyama kinene, chekundu, chenye nyama hasa, na chini yake huoni kitu. Namna ya pili yasimama kati ya hizo mbili. Walionyesha kwamba kadiri kinyama kilivyo kinene, ndivyo kinavyoelekea kurudi kikikatwa bila kidonda kufunikwa. Na umri nao una neno lake, maana vijana hurudiwa zaidi kuliko wazee.

Jambo la pili la kutazama ni urefu wake juu ya kioo. Kioo cha jicho kina upana wa milimita 11 au 12 hivi. Kinyama kilichoingia milimita 1 au 2 mara nyingi hakiharibu kuona. Kikifika milimita 3 hivi na kuendelea, huanza kukivuta kioo na kukipinda. Hapo mtu huona maandishi yamepotoka, au taa za gari usiku zinatawanyika, hata kama ncha haijaifikia mboni. Kikiachwa mpaka kikaifunika mboni, mlango wa mwanga umezibwa.

Jambo la tatu ni mwendo wake. Vingine hukua miaka miwili mitatu, kisha husimama palepale maisha yote. Mara nyingine daktari akitazama kwa darubini huona mstari wa rangi ya kutu mbele ya ncha. Mstari huo ni chembe za chuma zilizokaa katika kioo, nao ni dalili kwamba kinyama kimetulia siku nyingi. Vingine havitulii. Kwa hiyo mwenye kinyama atazamwe na kupimwa, na kipimo kiandikwe katika kadi yake. Akirudi baada ya miezi sita, itajulikana kama kimesogea au hakikusogea, bila ya kubahatisha.

VINAVYOFANANA NACHO

Hapa twaomba msikilize sana, kwa sababu kuna vitu vitatu vinavyofanana na kinyama.

Cha kwanza ni kivimbe kidogo cha rangi ya manjano juu ya weupe, karibu na kioo. Hiki hakiingii juu ya kioo. Watu wengi wa kazi za jua wanacho, wala hakina hatari kubwa.

Cha pili ni kovu. Jicho likiingiwa na chokaa au saruji mbichi na kuungua, ngozi ya weupe yaweza kuungana na kioo ikafanana na kinyama. Matibabu yake ni mengine. Mwanachama yeyote aliyewahi kuungua jicho kazini amwambie daktari habari hiyo, na aeleze mwaka na kazi aliyokuwa akifanya.

Cha tatu ni kansa ya ngozi ya jicho. Hii hupenda kuota mahali pale pale pa kinyama, nayo pia yahusiana na jua. Katika Afrika ya Mashariki imeonekana sana, hasa kwa watu wenye virusi vya ukimwi, na hata vijana huipata. Kwa hiyo uvimbe unaokua kwa haraka, ulio mweupe kama ganda juu yake, ulioinuka, wenye mishipa minene ya damu au unaotoka damu, usingojewe hata wiki moja. Habari njema ni kwamba yatibika ikiwahiwa. Mwaka 2016 Dk. Stephen Gichuhi na wenzake walitangaza majaribio yaliyofanywa hapa Kenya. Wagonjwa waliokatwa kansa hiyo kisha wakatiwa matone ya dawa iitwayo florourasili, walirudiwa 11 hivi kwa kila 100 katika mwaka mmoja. Wale waliotiwa matone yasiyo na dawa walirudiwa 36 hivi kwa kila 100. Na kwa kuwa jicho la daktari peke yake laweza kukosea, ni vizuri nyama iliyokatwa ipelekwe maabara ikapimwe. Mwanachama asione haya kuuliza, "Je, mtaipima?"

DAWA ZA DUKANI

Ndugu zetu, hakuna tone la dawa linaloyeyusha kinyama. Matone ya kulainisha jicho hupunguza ukavu na mwasho, nayo yana faida hiyo tu. Maji ya majani, maziwa ya mama, sukari iliyosagwa, mkojo, hivi vyote haviondoi kinyama, na vyaweza kuleta kidonda juu ya kioo kikamtia mtu upofu kwa siku chache.

Iko hatari nyingine isiyoonekana. Yako matone yenye dawa ya namna ya steroidi. Mtu akiyatia, wekundu hutoweka kesho yake, akafurahi, akanunua chupa nyingine na nyingine bila ya kuandikiwa. Dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu bila ya uangalizi huweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Presha ya macho huua jicho bila maumivu, na kilichokufa hakirudi. Basi mtu asiazime chupa ya mwenzake, wala asinunue tena bila ya cheti.

WAKATI WA KUKATA

Kinyama kidogo, chembamba, kilichotulia, kisichoharibu kuona, kwa kawaida huachwa. Mwenyewe hupewa matone ya kulainisha, huvaa kofia na miwani, na hupimwa mara kwa mara. Kukikata kwa ajili ya uzuri wa uso tu si neno la haraka, maana chaweza kurudi kikiwa kinene.

Hukatwa kinapoonekana kikiisogelea mboni, kinapokipinda kioo hata kuona kukaharibika, kinapowaka na kuuma kila wakati hata matone yasisaidie, kinapozuia jicho kugeuka vizuri, au kinapotiliwa shaka ya kansa. Wala si vizuri kungojea mpaka mboni imefunikwa. Ncha ikishapita mbele ya mboni, hata kikiondolewa huacha kovu katika kioo, na kovu hilo hukaa mahali pale pale pa kuonea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

NAMNA YA KUKATA

Zamani kinyama kilikatwa tu, na weupe ukaachwa wazi upone wenyewe. Njia hiyo ilielezwa na daktari D'Ombrain wa Australia mwaka 1948, na ilienea sana kwa kuwa ni rahisi na ya haraka. Ubaya wake ni kwamba kinyama hurudi. Taarifa zilizokusanywa zatofautiana, lakini zaonyesha kwamba kilirudi kwa watu kutoka 24 hadi 89 katika kila 100. Hebu fikirini, mtu apoteze siku za kazi, alipe, aumie, kisha baada ya miezi michache ajitazame katika kioo aone bawa lile lile limerudi, jekundu zaidi na lenye kovu chini yake. Na wengi wa wanaorudiwa, hurudiwa ndani ya mwaka wa kwanza.

Njia iliyo bora ni kutia kiraka. Daktari akishakiondoa kinyama, huchukua kipande chembamba cha ngozi ya juu ya weupe wa jicho lile lile, kwa juu chini ya kope, mahali ambapo jua halifiki. Kipande hicho hukitandika juu ya kidonda na kukishona kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Mahali kilipotolewa hupona penyewe. Mwaka 1985 Dk. Kenyon na wenzake wa Marekani walitoa habari za macho 57 yaliyotiwa kiraka namna hii, mengi yakiwa ya vinyama vikubwa au vilivyokwisha kurudi. Kinyama kilirudi katika macho 3 tu. Mwaka 2004 madaktari wa Uswidi walieleza namna ya kukibandika kiraka kwa gundi inayotengenezwa kutokana na damu, badala ya nyuzi. Kazi huwa fupi na maumivu hupungua, ingawa gundi hiyo ni ghali.

Ziko njia nyingine. Ikiwa ngozi ya jicho haitoshi, daktari aweza kutumia utando wa kondo la nyuma uliosafishwa na kuhifadhiwa. Iko pia dawa iitwayo mitomaisini, iliyoanza kutumiwa Ujapani mwaka 1963, ambayo huzuia nyama isiote tena. Dawa hii ni kali. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa ambao weupe wa macho yao uliliwa na dawa hiyo na macho yakaharibika. Kwa hiyo hutumiwa kidogo sana, na daktari anayeijua.

Msiogope operesheni yenyewe. Kwa kawaida mtu hatiwi usingizi. Jicho hutiwa ganzi kwa matone na sindano, kazi huchukua nusu saa au zaidi kidogo, na mtu hurudi nyumbani siku ile ile jicho likiwa limefunikwa. Siku mbili tatu za kwanza huuma na kutoa machozi kama lililoingiwa na mchanga, kwa sababu juu ya kioo pamekwanguliwa. Kisha hutulia. Wekundu hukaa wiki kadhaa.

Kwa watu wa kwenda mbali, katika hospitali nyingi za serikali wako maafisa wa macho wanaoweza kutazama na kumpeleka mtu mbele. Madaktari bingwa wako Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na ziko hospitali za macho zinazojulikana kama ile ya Kikuyu, ya Sabatia kule Vihiga, na ya Kwale pwani. Ulizeni mapema juu ya gharama, na kama bima ya taifa italipa. Tangu Oktoba 2024 bima hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii.

BAADA YA KUKATWA

Hapa ndipo chama kinapoingia hasa. Daktari aweza kushona vizuri sana, lakini mfanya kazi akirudi kwenye vumbi la mawe siku ya tatu, kazi ya daktari yaharibika. Jicho likisuguliwa, kiraka huondoka. Jicho likiwaka kwa jua na vumbi, nyama hupata sababu ya kuota tena. Nayo matone ya dawa hutiwa kila siku kwa wiki nyingi, hayakatizwi kwa kuwa maumivu yamekwisha.

Wenzetu wengi hurudi upesi kwa kuogopa kupoteza nafasi. Basi jueni haki yenu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo kwa mwajiri mmoja ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na baada yake siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Hicho ndicho kiasi cha chini. Mkataba wa chama na waajiri waweza kutoa zaidi, na kila mmoja aulize karani wa tawi mkataba wake unasemaje.

Lakini hata siku 14 zaweza kuwa chache kwa mtu wa machimboni. Kwa hiyo twashauri kwamba mwanachama akiwa hospitali amwombe daktari aandike kwa maneno wazi: huyu asifanye kazi ya jua na vumbi mpaka tarehe fulani. Kwa barua hiyo, mjumbe wa chama aweza kumwendea msimamizi na kumwomba kazi nyepesi chini ya paa kwa wiki chache. Msimamizi mwenye akili ataona kwamba mtu wa stoo mwenye jicho linalopona ni bora kuliko mtu wa machimbo aliyerudi hospitali mara ya pili.

KINGA NA MADAI YETU

Tumesema jua baya ni la ubavuni. Kwa hiyo miwani midogo ya urembo, iliyo wazi pembeni, haitoshi. Itakikanayo ni miwani inayozunguka mpaka ubavuni na iliyoandikwa kwamba huzuia mionzi ya urujuanimno. Weusi wa kioo si dalili ya kinga, maana miwani nyeusi isiyozuia mionzi hiyo huitanua mboni ikakaribisha mionzi ndani. Kofia ya pama, yenye ukingo mpana kuzunguka kote, hupunguza sana jua la machoni, na bei yake ni ndogo. Fundi wa kuchomelea asiinue ngao yake moto ukiwaka, wala msaidizi wake asisimame karibu bila kitu. Mwenye kuponda mawe avae miwani ya kufunika, isiyopitisha vumbi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde afya ya watu wake wawapo kazini. Yamtaka pia mfanya kazi avae vifaa alivyopewa. Tena yasema kwamba mahali palipo na watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa wafanya kazi. Kwa hiyo tunaleta mbele ya mkutano huu madai matatu. Kwanza, kofia na miwani kwa watu wa uwanjani liandikwe katika ajenda ya kamati hiyo mahali pote tulipo na wanachama. Pili, wafanya kazi wa nje wapimwe macho mara moja kwa mwaka, na vipimo viwekwe. Tatu, mkataba ujao utaje kazi nyepesi kwa mtu aliyepasuliwa jicho. Nasi kwa upande wetu tuache tabia ya kuitundika miwani msumarini kwa kuwa yaleta jasho. Hatuwezi kudai kitu mezani kisha tukakitupa uwanjani.

MASWALI MANNE

Mwisho, ndugu wanachama, yaandikeni maswali haya manne mkayachukue hospitalini. Hakuna daktari mwema atakayekasirika kuulizwa.

La kwanza: Kinyama changu kina milimita ngapi, nacho kinasogea au kimetulia?

La pili: Je, chahitaji kukatwa sasa, au chaweza kuachwa na kuangaliwa?

La tatu: Kikikatwa, kidonda mtakifunika kwa nini, na nyama itapimwa maabara?

La nne: Nikae siku ngapi mbali na jua na vumbi, na je, mtaniandikia?

Aliye na kinyama asingoje mkutano mwingine. Amwone mjumbe wake leo, aandikwe jina, na tawi litapanga siku ya kwenda kupimwa pamoja, maana wengi wakienda pamoja nauli huwa nafuu na woga hupungua. Na anayejua kusoma amsomee asiyejua, kisha ampe karatasi hii jirani yake.